Dirhamu Mbovu na Gunia Bovu: Uhakiki wa Mafunzo ya Ghishi katika Zama za Vyeti

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mlango wa ghishi ni miongoni mwa milango ya fiqhi inayosomeshwa mapema katika madrasa na kusahauliwa mapema sokoni. Khatibu anapoutaja siku ya Ijumaa, mara nyingi hutaja mambo mawili: mizani iliyochezewa na ulimi wa muuzaji anayesifia mali mbovu. Hapa kwetu nyanda za kati huongezwa la tatu, nalo ni lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba mpaka mkulima akalipwa gunia moja kwa mzigo wa gunia moja na nusu. Yote hayo ni kweli, na Suratul-Mutaffifin imekuja na onyo kali kwa wapunjaji. Lakini mafunzo hayo yanaishia pale muuzaji na mnunuzi wanapoachana. Gunia lenyewe haliishii hapo. Linapanda lori, linavuka mikoa na mipaka, linabadilisha wenyewe mara nne au tano, kisha linafika katika chungu cha mtu ambaye muuzaji wa kwanza hatamwona mpaka Siku ya Kiyama.

Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki mafunzo hayo kwa kuyapima na vitabu vyenyewe vya wanazuoni wetu. Hoja yetu ni hii: ghishi ya chakula katika biashara ya leo imetoka katika fungu la madhara ya mtu mmoja na kuingia katika fungu la madhara ya watu wote, na hukumu yake inapasa kufuata fungu hilo.

Yaliyotokea mwaka 2016

Katikati ya mwaka 2016 watu walianza kuugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, hasa katika wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto. Tumbo liliuma na kujaa, macho yakawa ya manjano, ini likashindwa kufanya kazi. Mwanzo ulitajwa kuwa ni ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulipokamilika ilibainika kuwa ni sumukuvu, na chakula kilichoibeba ni mahindi. Watu 68 walihesabiwa kuugua, na 20 kati yao wakafariki dunia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Jirani zetu wa mashariki mwa Kenya walikwisha kuupitia msiba kama huo mwaka 2004, kwa wagonjwa 317 na vifo 125, na chanzo kilikuwa ni mahindi vilevile.

Sumukuvu ni sumu inayotolewa na aina ya kuvu inayoota juu ya nafaka na karanga, hasa mmea unapopatwa na ukame kabla ya kuvunwa, au mavuno yanapoanikwa juu ya udongo mtupu na kuwekwa ghalani kabla hayajakauka. Wataalamu huagiza unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13 au karibu yake. Sumu hiyo haina rangi wala ladha, na haiondoki kwa kupikwa. Anayeila kwa wingi hufa kwa siku chache. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka huenda akapata saratani ya ini, wala hatajua imemfikia kwa njia gani. Tena hupita katika maziwa ya mama na ya ng'ombe.

Rundo la chakula na kitabu cha muhtasibu

Msingi wa mlango huu ni hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.). Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, yule mtu alijibu kuwa ni mvua iliyokinyeshea. Mtume (S.A.W.) akamhoji kwa nini hakukiweka kile kilicholowana juu ili watu wakione, kisha akamkana mwenye kughushi kuwa si katika wao.

Tuitazame hadithi hii kwa makini. Kilichofichwa ni unyevu wa nafaka, jambo lile lile ambalo leo ndilo mama wa sumukuvu. Wala yule mfanyabiashara hakulimwagia maji rundo lake. Mvua haikuwa kosa lake. Kosa lake lilikuwa kupanga kikavu juu na kibichi chini. Hivyo basi, anayesema kuwa kuvu ni kadari ya Mungu, na kwa hiyo hana lawama, amejibiwa karne kumi na nne zilizopita. Mvua ni kadari. Kupanga rundo ni kazi ya mikono yetu.

Wanazuoni wa hisba waliijenga hukumu hii ikawa kanuni za soko. Ash-Shayzari, aliyeishi zama za Salahuddin al-Ayyubi, aliandika kitabu chake Nihayat ar-Rutba fi Talab al-Hisba kuwa mwongozo wa muhtasibu, yaani msimamizi wa soko. Humo anawakataza wauza nafaka kuchanganya ngano mbovu na nzuri, na kuukuu na mpya. Na nafaka ikihitaji kuoshwa, anataka ikaushwe barabara na iuzwe peke yake. Kitabu hiki kina thamani kubwa, nasi tunasikitika kuona kinasomwa kama hadithi za masoko ya Sham yaliyopita.

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauna budi kutaja mipaka yake. Muhtasibu wa ash-Shayzari anafanya kazi kwa jicho, pua na kiganja. Soko lake lina ukuta, na wauzaji anawajua kwa majina. Chukua soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro. Mahindi ya vijiji vingi hukutana pale kwa siku moja, huchekechwa, humiminwa pamoja, hushonwa upya na kuondoka kwa malori. Punje yenye sumu inaweza kuwa nyeupe na kubwa kuliko wenzake. Jicho la muhtasibu halitoshi tena.

Pengo hili fiqhi ilikwisha kulijua. Katika mizozo ya kasoro, mafaqihi huirudisha hukumu kwa ahlul-khibra, watu wenye ujuzi wa jambo lenyewe. Mganga wa wanyama alikuwa hivyo kwa ngamia. Mpimaji wa maabara ni hivyo kwa mahindi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umekuwa mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, na mradi wa kudhibiti sumukuvu ujulikanao kama TANIPAC ulihusisha ujenzi wa maabara. Kauli ya mpimaji mwaminifu ni ushahidi wa kisheria, na imamu anayeipuuza ameipuuza kauli ya ahlul-khibra.

Imam al-Ghazali na dirhamu mbovu

Sasa tuje kwenye kitabu ambacho kwa maoni yetu ndicho chenye ufunguo. Katika Ihya Ulum ad-Din, kwenye kitabu cha adabu za uchumi na maisha, Imam al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111) anaigawa dhulma ya biashara mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ile ambayo madhara yake yanawaenea wote, na humo anaweka mambo mawili: kuhodhi chakula kusubiri bei ipande, na kupitisha sarafu mbovu. Fungu la pili ni ile ambayo madhara yake yanamhusu yule unayeamiliana naye tu, na humo anaweka kusifia bidhaa kwa uongo, kuficha kasoro, kupunja vipimo na kuficha bei ya soko.

Msomaji anaona kuwa kuficha kasoro kumewekwa katika fungu la pili. Kwa soko la zama zake mpango huo ulikuwa sawa: mtu aliuza nguo yenye tundu, na aliyedhurika ni mnunuzi wake. Lakini sababu iliyomfanya Imam aiweke sarafu mbovu katika fungu la kwanza ni muhimu zaidi kuliko mpango wenyewe. Anaeleza kuwa dirhamu mbovu haisimami kwa aliyeipokea. Asipojua, anadhurika, akijua, humpitishia mwingine, naye mwingine, ikawa inatembea mikononi mwa watu, na dhambi ya mwendo wote huo inamrudia yule aliyeufungua mlango.

Ikiwa hii ndiyo illa, yaani sababu ya hukumu, basi gunia bovu la leo ni ndugu wa dirhamu ile. Mkulima humpa dalali, dalali humpa mwenye ghala, mwenye ghala humpa msagishaji, na msagishaji humpa muuza duka. Kila mmoja akitilia shaka, badala ya kulizuia hulisukuma mbele upesi. Tofauti yao ni kwamba mwisho wa dirhamu mbovu ni hasara ya mali, ilhali mwisho wa gunia bovu ni ini la mtoto. Basi gunia lina haki zaidi ya kuwekwa katika fungu la kwanza.

Kutokana na hapo yanafuata mambo mawili ambayo Imam mwenyewe ameyaeleza kuhusu sarafu. La kwanza, mfanyabiashara anawajibika kujifunza kuitambua sarafu mbovu, na akimpa Muislamu sarafu hiyo bila kujua kwa sababu hakujifunza, anapata dhambi ya uzembe wa kutojifunza. Kwa hiyo "sikujua" si kinga kwa anayeweza kujua. Kuna kipimo ambacho hata mtoto wa madrasa anakiweza: tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, uitikise kwa muda, kisha uiache itulie. Chumvi ikigandia ubavuni mwa chupa, mahindi yangali mabichi kwa kuhifadhiwa. Kipimo hiki hakionyeshi sumu, kinaonyesha unyevu, na unyevu ndio alioushika Mtume (S.A.W.) kwa vidole vyake.

La pili ndilo zito zaidi. Imam anasema sarafu mbovu ikikufikia, itupe kisimani pasipofikiwa na mkono wa mtu. Hakusema umrudishie aliyekupa ili aijaribu kwa mwingine, wala utafute mnunuzi asiye mjuzi.

Cheti kinamlinda nani?

Tarehe 5 Machi 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Tarehe 10 ya mwezi huohuo zuio liliondolewa kwa masharti, likiwemo la waagizaji kusajiliwa, na kila shehena kuwa na cheti cha kuthibitisha kwamba sumu ya aflatoksini haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Kiwango hicho ndicho cha Afrika Mashariki nzima. Kwa karanga zilizo tayari kuliwa, Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya sehemu 4.

Hatuna ugomvi na sharti hilo. Anayelinda chakula cha raia wake ametekeleza amana. Swali la faqihi ni jingine: gunia lililoshindwa mtihani limekwenda wapi? Likikataliwa mpakani likarudishwa kuuzwa katika soko lisilo na kipimo, cheti hakikuondoa madhara, kimeyahamisha tu kutoka kwa mnunuzi mwenye nguvu kwenda kwa asiye na nguvu. Na kanuni ya kifiqhi iko wazi kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Karanga zikichambuliwa, nono zikaenda mbali na zilizosinyaa zikasagwa kwa uji wa watoto wa kijijini, hiyo ni ghishi hata kama kila karatasi ina mhuri. Na ikiwa mwanamke aliyezichambua atalipwa kwa zile zilizotupwa, basi ujira wake umekuwa sumu.

Tena cheti chenyewe si wahyi. Kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistan, kilipewa cheti cha kimataifa cha usalama na haki za wafanyakazi mwezi Agosti 2012. Tarehe 11 Septemba mwaka huohuo kiliungua, na zaidi ya watu 250 wakafia ndani. Huko China mwaka 2008, maziwa ya unga ya watoto yalitiwa kemikali ya melamini ili kipimo cha protini kisome vizuri. Watoto 6 walifariki na takriban 300,000 waliugua. Katika msiba wa kwanza karatasi ilitangulia ukweli. Katika wa pili, kipimo chenyewe ndicho kilichoghushiwa. Mpimaji anayechota kikombe kimoja juu ya gunia moja kati ya mia, ilhali sumu hukaa vichakani na si kila mahali, amerudi kwenye kosa la yule mwenye rundo: ameangalia juu tu.

"Nimeuza kama yalivyo"

Wapo wanaojikinga kwa kauli ya kibiashara kwamba mali imeuzwa kama ilivyo, na mnunuzi ameridhia. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli hiyo haitoshi. Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) anaeleza katika Minhaj at-Talibin kuwa sharti la kujitoa katika kasoro linamfaa muuzaji katika jambo moja tu: kasoro ya ndani iliyofichikana katika mnyama aliye hai, ambayo muuzaji hakuijua. Nafaka haimo.

Asili yake ni hukumu iliyopokewa katika Muwatta ya Imam Malik. Abdullah bin Umar (R.A.) alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kujitoa katika kasoro, mnunuzi akadai kuwa alikuwa na maradhi. Uthman bin Affan (R.A.) akaamua kuwa Ibn Umar aape kwamba hakuyajua. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha kwake. Wangapi katika wafanyabiashara wetu wangeweza kuapa?

Na anayesema kwamba kasoro isiyoonekana mpaka kitu kivunjwe haina marejeo, naye amejibiwa humo humo. An-Nawawi anataja yai, nazi, na tikiti lenye wadudu, vitu visivyojulikana ndani yake ila kwa kuvunjwa au kutobolewa, na kauli yenye nguvu zaidi ni kuwa mnunuzi anaweza kurudisha bila kulipia uvunjaji. Mahindi hayapimwi sumu ila kwa kusagwa sampuli yake, basi hukumu yake ni ya nazi.

Wala jukumu si la muuzaji peke yake. Wathila bin al-Asqa (R.A.) alimfuata mbio mtu aliyenunua ngamia, akamuuliza kama anamtaka kwa safari au kwa nyama, alipojibiwa kuwa ni kwa safari, akamweleza kuwa ngamia ana tundu kwatoni. Mwenye mali alipolalamika kuharibiwa biashara, Wathila alimkumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) amemharamishia kunyamaza hata yule asiyekuwa muuzaji, akiwa anaijua kasoro. Dalali, kuli, dereva na msagishaji wote wanaingia hapa.

Pingamizi mbili

Huenda akasema mtu: tuliuze gunia hilo kwa chakula cha mifugo, kwani Wathila mwenyewe aliuliza matumizi. Tunajibu kuwa Wathila aliuliza na akaeleza. Zaidi ya hapo, mnyama si kisima. Sumu hii yenyewe iligunduliwa kwa njia ya mifugo, mwaka 1960 huko Uingereza, walipokufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa chakula chenye mashudu ya karanga kutoka Brazil. Karanga ndilo zao ambalo Waingereza walilifuata Kongwa mwaka 1947 kwa mradi mkubwa, wakauacha mwaka 1951. Hivyo lishe ya ng'ombe hurudi mezani kwetu kupitia maziwa. Atakayeipeleka huko bila idhini ya ahlul-khibra ameirudisha dirhamu sokoni kwa mlango wa nyuma.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo. Mkulima maskini wa Chemba, ambaye gunia hilo ndilo ada ya shule na dawa, utamwambiaje alichimbie? Hapa hatukubali wahubiri wanaomtwisha yeye mzigo wote. Kanuni ya fiqhi ni kuwa anayepata faida hubeba na gharama. Mnunuzi wa mbali anayedai nafaka kavu na safi alipe bei ya ukaushaji. Mwenye ghala anayechuma kwa wingi anunue vipimo. Na mkulima aliyeharibikiwa akaelemewa na deni amo miongoni mwa wanaostahiki zaka, katika fungu la wenye madeni. Jamii inayotaka gunia bovu litupwe kisimani haina budi kumshika mkono aliyelitupa.

Neno kwa maimamu

Misikiti na madrasa zetu ni sehemu ya mnyororo huu. Magunia ya Zakatul-Fitri na ya sadaka hutufikia kila mwaka, nayo ndiyo yanayopikiwa wanafunzi na mayatima. Mafaqihi wa Shafi wamesema wazi kuwa nafaka yenye kasoro au iliyoliwa na wadudu haitoshelezi katika Fitri, na Qur'ani katika Suratul-Baqara imetukataza kukusudia kilicho kibovu katika tunavyovitoa. Imamu anayepokea gunia lenye kuvu kwa kuona haya, akalipeleka jikoni kwa watoto, anakuwa mkono mwingine uliopitisha dirhamu.

Tunapendekeza mambo matatu yasiyohitaji mfadhili. Kila msikiti wa vijijini uwe na maturubai ya kuanikia yanayoazimwa msimu wa mavuno. Kila anayepokea nafaka ya msikiti aifanyie kipimo cha chumvi kabla ya kuiweka ghalani, na yenye kuvu ikataliwe kwa adabu na iharibiwe mbele ya mashahidi. Na walimu wa fiqhi, wanapofika mlango wa ghishi, wasiishie kwenye mizani. Wamfuatishe mwanafunzi mwendo wa gunia moja mpaka kwa mlaji wa mwisho, wamuulize kila kituo nani alijua na nani alinyamaza.

Wale 20 wa mwaka 2016 hawakufa kwa kukosa chakula. Walikula wakashiba. Allah (S.W.) awarehemu, na atujaalie mikono inayozuia madhara kabla hayajapita. Amin. Wabillahi tawfiq.